Choki ringi ya bati imekubali, kesi imebaki ya usiku

Jamani imeshika! Beizi yangu ya GPS (kituo kisichohama cha kupimia ardhi) juu ya dari hapa Wete, Pemba, sasa imevaa choki ringi, yaani pete za bati zinazoizunguka antena kuzuia mwangwi wa ishara, na imekaa fiksi (jibu la uhakika la sentimita) mchana kutwa bila kurudi floti (jibu la kukadiria), na lile paa la bati la jirani liko palepale halijahama.

Mabati mnayajua wenyewe. Ishara ya setilaiti inagonga paa, inakuja kuingia kwenye antena kwa chini ishachelewa, kipokezi changu ZED-F9P maskini kinazichanganya zote. Nilikuwa nimeweka sinia la alumini kama graundi pleni (sahani ya metali chini ya antena), lilisaidia kidogo tu, setilaiti za chinichini SNR yake (nguvu ya ishara dhidi ya kelele) inapanda inashuka mpaka unachoka kuitazama, maana sinia bapa halizuii mawimbi yanayotambaa juu yake yakitokea ukingoni.

Sasa kina cha mifereji kati ya pete ndo kilichonitoa roho. GPS inatumia masafa mawili, L1 na L2: robo ya wimbi la L1 ni sentimita 4.8 hivi, ya L2 ni 6.1, na kina lazima kiipite hiyo ya L2, ukikata 5 L1 itapendeza lakini L2 hupati kitu, basi tukaenda 6.3. Fundi bati kanitazama we, "mwanangu, hii utapikia nini?" nikamwambia we kata tu mzee wangu. Alumini haishiki lehemu ya kawaida kwa hiyo pete zote za bati la zinki, na nilisimamia zilehemiwe chini mzunguko mzima, pakibaki upenyo pete inakuwa pambo.

Halafu kalipa (kile kipimo cha kubana) za plastiki msinunue, zinapinda. Na RTKLIB, programu ya kuchakata data za GPS, sura yake mbaya hivyohivyo lakini ploti zake hazifichi kitu, hizi programu za rangirangi zinakuonesha alama ya kijani tu ukafurahi bure.

Kinachonishinda ni baada ya magharibi. Jua likishazama ionosfia (tabaka la juu la anga lenye chaji za umeme) ya huku kwetu karibu na ikweta inachafuka, sayklo slipu (kipokezi kupoteza hesabu ya mawimbi) zinamiminika, fiksi kwaheri mpaka usiku mkubwa. Hiyo inatoka juu, pete haziwezi kitu.

Nilipanga wiki hii nisimamishe mlingoti kisha nikampimie ami mipaka ya shamba la mikarafuu. Lakini lidude hili zito, nani atatembea nalo shambani? Basi nimeanza kusokota antena nyingine, heliksi ya nyaya nne kwenye kipande cha bomba la maji, nyepesi na haitaki sinia wala nini. Mlingoti umelala uani, ami keshapiga simu, sijapokea.