Hata Kuaga Hawakuaga

Tumerudi salama kutoka Busoga, Uganda. Mahari ya kijana wa kaka imekubaliwa, wakwe ni watu waungwana, na gari lililotuharibikia karibu na Iganga lilitengenezwa kabla ya giza kuingia. Mengine juu ya safari hiyo nitayaandika siku nyingine. Tangu turudi nimekuwa na neno moja tu kichwani, nililoambiwa Walukuba, mtaa wa Jinja, na mama mmoja mzee aliyekuwa ameketi mlangoni pake akichambua maharagwe.

Mnazijua habari za Baba: jinsi alivyotoka kwetu Ugenya, Kenya, akiwa kijana kwenda kubeba zege kwenye bwawa la Owen Falls, ambalo Malkia Elizabeth alilifungua tarehe 29 Aprili 1954, kisha akabaki Jinja wakati viwanda vilipoanza kuufuata umeme wa bwawa hilo. Wakubwa wa serikali ya kikoloni walikuwa wamepiga hesabu hiyo mara tu baada ya vita, kwamba umeme ukipatikana viwanda vitakuja vyenyewe, na kwa muda hesabu yao ilitimia. Kilikuja kiwanda cha nguo cha Nyanza. Kilikuja kiwanda cha kuyeyushia shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe, mbali kule magharibi. Sukari ya Kakira, ya akina Madhvani, ilikuwapo tangu kabla ya vita. Baba alipata kazi kwenye mitambo ya kufuma vitambaa, akapewa nyumba Walukuba, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na humo ndimo nilimozaliwa mwaka 1958.

Nilikwenda Walukuba na mpwa wangu, baada ya chakula cha wakwe, kuitafuta nyumba hiyo. Niliitambua kwa mfereji ulio mbele yake. Mama yule alikuwa katika nyumba ya pili. Tuliamkiana, akatuletea kibao cha kukalia, nami nikamwuliza kama anawakumbuka watu waliokaa hapo zamani.

“Nyumba hiyo walikaa Wajaluo,” alisema. “Baba yao alikuwa mtu wa kiwanda cha nguo. Siku moja tuliamka, hawapo. Hata kuaga hawakuaga.”

“Mama,” nikasema, “ndio sisi hao.”

Alinitazama kwa muda mrefu, mikono ikiendelea kuchambua.

“Basi mngeaga, mwanangu.”

Hakusema kwa hasira. Kama angesema kwa hasira ningekuwa na la kumjibu. Alilisema kama jambo lililokuwa limekaa mahali pake miaka mingi, likimsubiri mtu wa kuambiwa, na sasa mtu huyo amefika. Kisha aliuliza kama Mama yetu yu hai, nikamwambia alitangulia mbele ya haki, akasema pole, tukazungumza habari za mvua hadi mpwa wangu aliponikumbusha kwamba tunasubiriwa.

Mngeaga. Usiku nimejaribu majibu mengi. Nimejaribu kusema kwamba nilikuwa na miaka 12, na mtoto haagi, huagiwa na wazazi wake. Nimejaribu kusema kwamba tulikatazwa. Mwishoni mwa mwaka 1970 serikali ya Obote iliamuru kwamba wafanyakazi wasio raia waondolewe kazini, na Wakenya wapatao 30,000, wengi wao Wajaluo, walirudi makwao. Vitabu vya historia hulitaja jambo hilo kwa sentensi moja na kukimbilia Januari 1971, Amin alipotwaa madaraka, halafu 1972, Waasia walipopewa siku 90 za kuondoka. Sisi tumo ndani ya sentensi ile moja. Baba alirudi nyumbani kabla zamu yake haijaisha, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akamwambia Mama afungashe, na sisi watoto tukaonywa tusiseme lolote mferejini. Lori lilikuja alfajiri, kabla ya king'ora cha kiwanda, na jua lilipopanda tulikuwa tumekwisha kuukaribia mpaka wa Busia.

Ninaamini kwamba Baba hakuwaogopa majirani. Alikuwa mtu wa heshima, aliyemimina zege katika bwawa lile kwa mikono yake. Tangu mwaka 1958 umeme wake ulikuwa ukivushwa mpaka Kenya, naye alipenda kutuambia kwamba taa za Nairobi zinawashwa na Jinja. Sasa alikuwa ameitwa mgeni. Hakutaka watu aliokuwa akila nao wamwone akipanda lori na magodoro yake. Hata hivyo, jibu hilo nalo halimfikii yule mama, kwa sababu si yeye aliyemfukuza Baba, na asubuhi ile ndiye aliyeamka akaukuta mlango wetu umefungwa.

Jana usiku nilimpigia dada yangu simu Nairobi nikamweleza yote. Nilidhani atanyamaza, au atalia. Akacheka.

“Kwani humkumbuki huyo? Ndiye aliyelala kwetu usiku Mama alipojifungua kitinda mimba, Baba akiwa zamu ya usiku. Ndiye aliyemkanda Mama kwa maji ya moto wiki nzima. Lazima alitukasirikia!”

Sikumkumbuka kabisa, lakini dada alipoanza, kumbukumbu nyingine zilikuja zenyewe, na tulikaa kwenye simu mpaka salio likaniishia, kisha akanipigia yeye. Tulikumbuka jinsi Baba alivyorudi na vumbi la pamba nyweleni kama mvi, Mama akimkung'uta mlangoni kabla hajaingia. Tulikumbuka king'ora, ambacho ndicho kilichokuwa saa ya mtaa mzima, hata kwa wasio na kazi ya kwenda. Tulikumbuka matrekta ya Kakira na sisi tukiyakimbilia nyuma kuvuta miwa, tukigombana kwa Kiswahili, Wasoga, Wasamia, Walugbara na sisi, kwa kuwa hakukuwa na mtoto aliyengoja mwenzake ajifunze lugha ya nyumbani kwake. Tulikumbuka viboko waliotoka ziwani usiku na kukanyaga uwanja wa gofu, mpaka wachezaji wakajiwekea kanuni kwamba mpira ukiangukia katika unyayo wa kiboko unaruhusiwa kuondolewa. Baba alitusimulia jambo hilo mara nyingi, na kila mara Mama alikataa kuamini kwamba watu wazima walikaa kuliandika. Na dada alikumbuka jambo nililokuwa nimelisahau: kwamba Baba alisikitikia maporomoko ya Ripon. Aliyaona kabla hayajazamishwa na maji ya bwawa, naye alisema usiku mngurumo wake ulikuwa ukimbembeleza mtu mpaka alale.

Nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu turudi. Kumbe kulikuwa na mlango mmoja duniani ambako kutoonekana kwetu kuliuma. Ugenya tulipofika tuliitwa watoto wa Uganda kwa miaka, shuleni na kanisani, na Uganda tulikuwa tumeitwa Wakenya. Lakini mama yule hakusema lolote kati ya hayo. Alisema mngeaga, na neno hilo huambiwa jirani.

Dada anataka twende naye mwezi wa Desemba, yeye achukue sukari na kitenge, mimi nichukue ile picha ya Mama aliyopigwa studio. Nimekubali. Ila sijui kama nitaweza kuondoka nyumbani, maana jicho la kushoto la mume wangu limezidi kuwa na ukungu, daktari ameahirisha upasuaji kwa mara nyingine, na leo asubuhi nilimwona akipapasa meza kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake.