Mbili mara tatu ni sita

Miaka yote niliyokaa dirisha la dawa nimeandika "2x3" kwenye bahasha, yaani vidonge viwili mara tatu kwa siku, na kuona kazi imeisha. Juzi bibi mmoja karudi na bahasha tupu. "Mjukuu wangu, mbili mara tatu si sita? Nimemeza sita asubuhi." Hesabu yake haina kosa. Bahati ilikuwa amoksilini, tumbo likamsumbua tu.

Basi nikakaa na bibi watano kwenye benchi la wagonjwa, wanisomee bahasha. Kwa asubuhi, mchana na usiku nilichora jua, nusu jua na mwezi. Wakanicheka: hilo nusu ni magharibi, mchana liko wapi? Sasa ni jogoo, sahani ya ugali, mwezi. Jogoo wangu anafanana na bata, lakini anaeleweka.

Dawa mseto ya malaria ndiyo ngumu. Dozi ya pili huliwa saa 8 baada ya ya kwanza, na mama akisikia "saa nane" anangoja saa nane mchana. Kwa hiyo siku hizi naangalia ukutani, namwandikia: "Umeanza saa 3 asubuhi, rudia saa 11 jioni, na chakula."