Kwetu anapanda ndege mkurugenzi, fundi anabaki

Ukiwa barabarani Ujerumani ukamwona kijana kavaa bugaluu la kodrai nyeusi, kizibao cha vifungo vinane na kofia pana, kashika fimbo iliyojipindapinda huku anaomba lifti, usimdhanie mwanamuziki. Huyo ni fundi, mara nyingi seremala. Amemaliza mafunzo, amefaulu mtihani, na sasa yuko kwenye kile wanachokiita Walz: miaka mitatu na siku moja ya kuzunguka akifanya kazi ugenini. Muda wote huo haruhusiwi kusogea kwao karibu zaidi ya kilomita 50. Sharti awe hana mke wala mume, hana mtoto, hadaiwi na mtu, na hajafika miaka 30. Simu anaiacha nyumbani. Kwa bosi mmoja anakaa miezi michache tu, asije akazoea. Wanaofanya hivyo siku hizi ni wachache, ila mila yenyewe ni ya karne nyingi, na wapo wanaofika hadi Afrika.

Mimi sivai bugaluu. Niko mwaka wa mwisho wa Ausbildung ya useremala, yaani ule uanagenzi wa Kijerumani wa nusu karakana nusu darasa, kwenye mji mdogo karibu na Münster. Nilianza kwa mwaka wa kujitolea, nikakomaa na lugha mpaka ikakubali. Lakini hao jamaa wa kodrai wamenifanya niwaze sana kuhusu nani hasa anapaswa kupelekwa nje kujifunza.

Kwetu Tanzania anayepanda ndege ni mkurugenzi. Anakwenda ziara ya mafunzo siku tano, anapiga picha kando ya mashine, anasaini posho, anarudi na begi lenye nembo ya mkutano. Yule atakayeishika mashine hiyo kila siku hajawahi kuvuka Segera, njia panda ya kwetu Tanga. Huku Ujerumani sheria ya mafunzo ya ufundi, tangu 2005, inamruhusu mwanagenzi afanye hadi robo ya mafunzo yake nchi nyingine, na muda huo unahesabika. Kwa mafunzo ya miaka mitatu, hiyo ni miezi tisa. Wengi huenda wiki chache tu, kwa fedha za Umoja wa Ulaya kupitia mpango wa Erasmus+. Binti mmoja wa darasani kwetu alikwenda Norway, kwenye karakana ya boti. Aliporudi alibishana na mwalimu juu ya gundi wiki nzima, na mwalimu alionekana kufurahia ubishi kuliko somo.

Watu wakiniuliza faida ya kusomea kazi nje, wanategemea nitaje mashine. Zipo kweli, na huruhusiwi kuzigusa kabla hujapita kozi yake ya usalama. Kwa hilo nawapa heko, maana nimekua kati ya mafundi wasiokamilika vidole. Lakini mashine unaizoea upesi. Kinachokutikisa ni kuiona kazi unayoijua ikienda kwa utaratibu mwingine kabisa.

Chukua mlango. Mjomba wangu wa Tanga, aliyenishikisha randa kabla sijaenda VETA, chuo cha ufundi stadi, hupima uwazi wa mlango ukuta ukishasimama. Mwashi kajenga alivyojenga. Wewe unakwenda na tepu, unapima juu, kati na chini, maana hazilingani, kisha unaufuata ukuta. Hapa mlango wa ndani una vipimo vyake hata kabla mwenye nyumba hajanunua kiwanja. Ubao wa milimita 860 kwa 1985 ni wa kawaida kabisa, na ni mwashi anayeufuata mlango. Halafu, kabla sakafu haijamwagwa, unakuta mstari umechorwa ukutani chumba hadi chumba, mita moja kamili juu ya pale sakafu itakapoishia. Fundi bomba, fundi umeme, wa madirisha, wa milango, wote wanapimia hapo. Hakuna wa kuuliza tena sakafu itafika wapi. Nimeona saiti za kwetu ambako swali hilo limevunja undugu.

Na mstari wenyewe ni penseli tu. Kuuhamisha toka chumba hadi chumba kunatosha mpira wa maji wa kupimia usawa, ambao kila fundi wa kwetu anao. Nilimweleza mjomba kwa simu nikiwa nimejaa furaha, naye akanisikiliza hadi mwisho, akasema: "Sawa mjomba. Sasa huo mstari anauchora nani, na nani anamlipa?"

Hapo ndipo penye somo lote. Kwetu mwenye nyumba anamwita kila fundi kivyake, anapatana naye kivyake, na pesa ikikatika wote wanaondoka, wa bomba akiwa hajui hata jina la wa milango. Mbinu unaweza kuileta mfukoni; aliyepewa dhamana ya saiti nzima huwezi. Kitabu kingenionyesha mstari. Ilibidi nifanye kazi pande zote mbili ndipo nielewe kwa nini upande mmoja haupo.

Kinyume chake nacho kipo. Tulipopewa kazi kwenye nyumba ya zamani ya shambani, ya mbao na udongo, kuta zimelala kila upande, milango ya 860 haikuwa na maana yoyote. Fundi mkuu aliniita mimi, kwa sababu kuufuata ukuta uliopinda ndiyo kazi niliyokulia.

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi Septemba 2024, ndugu na marafiki hawaishi kuniuliza njia ya kuja. Nawajibu kwanza kwamba mwanagenzi wa kwenye kampuni halipi ada ya mafunzo. Kampuni ndiyo inamlipa yeye kila mwezi. Wakala anayekudai ada ya mafunzo hayo, mkimbie.

Halafu nawaambia si lazima iwe Ulaya. Milango ya Zanzibar tunayojivunia imepitia mikono ya mafundi wa Gujarat, na watu hawakuona haya kujifunza kwao. Wahandisi, wasanifu majengo na wahasibu wa Afrika Mashariki tayari wana makubaliano ya kutambuliana sifa za kitaaluma. Seremala hana. Kijana wa VETA Tanga angekaa Lamu miezi mitatu kwa waunda majahazi, na wa Lamu akaja Tanga kujifunza makabati ya kisasa, na miezi hiyo ikaandikwa kwenye cheti chao. Nauli ya basi Tanga hadi Mombasa haifikii posho ya siku moja ya mkurugenzi.