Mlimao niliouwahi

Leo asubuhi nimechuma mapera ya kwanza ya msimu, nikayala palepale chini ya mpera, nimeelekea ziwani. Nikaukumbuka mlimao.

Kwetu ni Luchelele, Mwanza, hatua chache tu kutoka majini. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda mpaka likaipita rekodi ya 1964, ile ambayo wazee wa huku walikuwa wakitusimulia. Maji hayakuja kwa kishindo. Leo yako kwenye matete, kesho yamefika kwenye ua wa minyaa, keshokutwa nakuta kandambili zinaelea mlangoni mwa jiko. Na yalipofika, yakakaa.

Mipapai ndiyo iliyotangulia. Siku chache tu majani yamekuwa ya njano, yananing'inia. Nikabonyeza shina, kidole kikazama. Mparachichi ukafuata. Maji yakijaza udongo hufukuza hewa, mizizi ikakosa pumzi na kuoza, ndiyo maana mti hunyauka kama una kiu na huku umesimama majini. Mpera wala haukutetereka. Mforosadi ulipukutisha majani yote, kisha ukachipua upya. Mwembe ndio ulionishangaza: pale maji yalipoligusa shina, gome lilitoka vivimbe vidogovidogo kama upele. Nilidhani ni ugonjwa, kumbe ndipo mti ulipokuwa ukipumulia.

Mlimao aliupanda marehemu baba. Ulibaki vijiti vitupu. Maji yalipopungua nikachukua panga, nimechoka kuona vitu vilivyokufa. Mama akanifuata.

"Mwanangu, uache kwanza. Ngoja vuli."

"Mama, huu umeshakufa."

Sikungoja. Nikaukata, nikachimba na kisiki. Wakati nauburuta, gome likachubuka karibu na shina, na chini yake palikuwa kijani kibichi, kina unyevu, kinanukia limao. Nilikaa chini pale kwenye tope. Mama hakusema neno, na mpaka leo hajalisema.

Ziwa lilipopanda tena 2024, sikugusa panga. Nilizunguka na ukucha. Nakwangua gome kidogo kwenye kitawi cha juu. Nikikuta kahawia na pakavu, nashuka chini, nakwangua tena, mpaka shinani. Pakiwa kijani naondoka, naacha mti wenyewe unionyeshe uhai wake umeishia wapi. Mwembe ulikaa kipara muda mrefu, jirani akanishauri niuuze kuni. Vuli ilipoanza ukatoa majani mekundu, laini kabisa, nikamwita mama aje aone. Aliyashika kwa vidole viwili, akacheka.

Pale palipokuwa na mlimao sijapanda kitu. Mama akikaanga dagaa hunituma malimao sokoni, na kila akikata la kwanza hulinusa kabla ya kulikamua.