Leo Mwezi Ngapi? Wikendi Ndefu Jambiani kwa Hesabu ya Maji

Nasomesha hesabu katika skuli moja ya Unguja. Nimetoka Kenya, tena si Kenya ya pwani, na mwanzoni nilipanga safari za ufukweni kama mtu wa bara: natazama siku za mapumziko, nafunga begi, naondoka. Upande wa mashariki wa kisiwa hauendi hivyo. Ukifika Jambiani saa nne asubuhi siku ya bamvua, yaani siku za maji makubwa, utakuta mchanga, mwani na ngalawa zilizokaa pakavu, na bahari yenyewe ni mstari mweupe kule mwambani. Rudi hapo hapo saa kumi jioni, maji yako karibu na kuta za nyumba. Kwa hiyo siku hizi napanga maji kwanza. Kitanda na nauli hufuata.

Watu wa pwani huulizana, "Leo mwezi ngapi?" Hawaulizi Januari wala Februari, wanauliza tarehe ya mwezi wa kuandama. Jibu lake ndilo ratiba yako yote. Mwezi unapoandama na unapotimia, yaani karibu na mwezi mosi na mwezi 14 au 15, ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Katikati, karibu na mwezi 8 hadi 10 na tena mwezi 22 hadi 25, ni maji mafu. Hapo bahari haiendi mbali wala haiji juu.

Jambo lililonisaidia zaidi ni kwamba saa za bamvua hazibadiliki sana. Siku ya mwezi 14 maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50. Jumamosi ikiwa mwezi 15, maji yatajaa karibu saa kumi na dakika 50 jioni na kupwa kama saa nne na nusu asubuhi. Jumapili ni saa kumi na moja na dakika 40. Jumatatu ni saa kumi na mbili na nusu, na kupwa kumesogea hadi saa sita na robo mchana. Hesabu hii hukosea nusu saa, pengine zaidi kidogo, kwa hiyo siitumii kuongozea chombo. Kwa hilo kuna jedwali la maji la bandari. Kwa kujua lini niogelee na lini nitembee, inatosha.

Faida yake utaiona kwenye sikukuu. Idd-el-Fitr ni mwezi mosi wa Shawwal, kwa hiyo ni bamvua kila mwaka, haikwepeki. Idd-el-Hajj ni mwezi 10, maji mafu yanaishia, na hujaa mchana kuelekea adhuhuri: siku nzuri kwa mwenye watoto wadogo. Mapinduzi, 12 Januari, hufuata kalenda ya jua, hivyo lazima uangalie mwezi uko wapi. Mtu anayetaka tu kuogelea saa yoyote bila hesabu hizi aende Nungwi au Kendwa, kule kaskazini bahari haikimbii. Mimi naona Jambiani ina mengi zaidi ya kuangalia, lakini hilo ni suala la ladha.

Safari yenyewe haina fumbo. Daladala namba 309 inakwenda Jambiani kupitia Paje. 324 ni ya Bwejuu, nayo pia inapita Paje. Ni kama kilomita 50 kutoka mjini, kupitia Tunguu na msitu wa Jozani, na kwa sababu gari husimama kila kijiji nahesabu saa moja na nusu hadi mbili. Siku ya Idd asubuhi gari ni chache, na Ijumaa zinapungua wakati wa sala, kwa hiyo naondoka kabla ya saa tano au baada ya saa nane. Pesa natoa mjini. Kitu kimoja ambacho sikiachi ni viatu vya plastiki vya kufunga nyuma. Ndara hunaswa kwenye tope na kukuacha peku juu ya jiwe.

Kutembea kwenda mwambani ndiko kunakoharibikia watu. Wengi hutoka maji yakiwa yamepwa kabisa, wakafika mwambani saa nzima baadaye, wakaanza kupiga picha. Maji hayarudi kwa kasi moja. Gawa kina chote katika mafungu 12: saa ya kwanza huingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua ya mita 4, saa mbili za mwanzo zinaleta mita moja, na saa ya tatu peke yake inaleta mita nyingine. Tena maji hayatokei mbele tu, yanaingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, kati yako na ufukwe. Kwa hiyo natoka muda wa saa mbili kabla ya kupwa, na maji yanapokuwa chini kabisa mimi tayari nimegeuza uso kuelekea mchangani. Kama kupwa ni saa nne na nusu, saa mbili na nusu niko njiani.

Njiani utapita mashamba ya mwani: vijiti viwili viwili vimechomekwa mchangani na kamba kati yake, mwani umefungwa kwa vijikamba. Zunguka, usiruke kamba. Kina mama wako kazini, na saa zao ni hizo chache tu kabla maji hayajarudi. "Shikamoo, bi mkubwa" kwanza, picha baadaye, na ukikataliwa umekataliwa. Kwenye mawe kuna wale viumbe weusi wa miba mirefu. Mwiba ukiingia hukatika, na kuuchokoa kwa sindano huusukuma ndani zaidi. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Mimi hutanguliza maji ya moto kiasi mguu unachoweza kuvumilia, ili maumivu yapungue.

Bamvua pia ndiyo siku za pweza, kwa sababu mwamba uko wazi na wavuvi wanamfikia kwa miguu. Nunua maji yanapoanza kurudi, wavuvi wakitoka. Hakikisha amepigwapigwa vizuri mpaka mikono imelegea, la sivyo utatafuna mpira. Muweke sufuriani bila maji, ufunike, moto mdogo: anatoa maji yake mwenyewe, mekundu, na yanatosha kumwivisha. Tui la nazi liingie akishalainika. Chumvi onja kwanza, maana bahari imeshaweka yake.

Upepo nao uhesabiwe. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Septemba, pwani hii inaupokea usoni. Mwani wa porini hurundikana ufukweni, na mchana Paje hujaa wale wa kuteleza majini kwa tiara. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, maji ni matulivu zaidi na joto ni kali.

Jumatatu ya mfano wetu maji yamejaa karibu saa kumi na mbili asubuhi. Naogelea saa moja, wakati bado kina kinanifika kifuani, nasuuza chumvi, nakunywa chai, na saa nne nipo barabarani. Gari za jioni si za kuzitegemea: siku ya mwisho ya mapumziko hujaa mapema, na konda hasimami. Saa ya gari ya mwisho namuuliza konda siku ya kwenda, kabla sijashuka.