Kabla ya Kununua Betri Nyingine, Pima Kwanza

Hapa mtaani Buruburu naona watu wakibadilisha betri za gari kila mara, na inaniuma, kwa sababu mara nyingi betri haina kosa. Inanyonywa usiku.

Vitz yangu nilikuwa nikiiegesha Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi stata inalia tik-tik tu. Jirani akinijampu, inawaka vizuri wiki nzima. Muuzaji mmoja kule Kirinyaga Road alishikilia kuwa betri imekwisha. Mita ya kupimia umeme ilikataa. Baada ya kuchajiwa na kutulia, betri ilisoma volti 12.6; injini ikinguruma, 14.2. Yaani betri inashika chaji, na alteneta, inayoichaji injini ikiwaka, inafanya kazi. Basi kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limezimwa.

Hapo ndipo subira inahitajika. Nilifungua waya wa negativu, nikaunganisha mita kati ya waya huo na betri, nikiwa nimeiweka kwenye kipimo cha ampea 10. Mlango wa dereva niliuacha wazi, lakini kufuli lake nikalibana kwa bisibisi ili gari lidhani umefungwa. Kisha nikangoja zaidi ya nusu saa, maana kompyuta za gari hazilali mara moja. Ukipima mapema utatafuta mchawi bure. Na usithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo, utaiunguza.

Gari likilala, kwa kawaida huvuta chini ya miliampea 50. Langu lilivuta 420. Piga hesabu: saa 60 za wikendi ni kama ampea-saa 25, kwenye betri ya 45. Stata itapata wapi nguvu?

Nikaanza kung'oa fyuzi mojamoja, binti yangu akisoma mita. "Bado. Bado. Mama, imeshuka!" Fyuzi ya redio.

Redio za Japani zina FM ya chini zaidi, inayoanzia megahezi 76, stesheni zetu nyingi hazishiki, kwa hiyo wengi wetu hubadilisha. Aliyefunga yangu aliunganisha waya wa manjano na mwekundu pamoja. Wa manjano hubaki na umeme muda wote ili redio ikumbuke stesheni. Mwekundu unapaswa kuupata ufunguo ukiwashwa tu. Kwa hiyo amplifaya ya redio chini ya kiti haikuwa ikilala. Niliigusa: ilikuwa na joto, na nje ni baridi ya Julai, vioo vimejaa umande.

Fundi wa waya alizitenganisha. Sasa mita inasoma 28, betri ni ileile. Kama gari lako limefungwa traka, alamu au taa za ziada, anza kutafuta hapo.