Chupa ya Sita

Juzi mwanangu alikunjua hema tulilolihifadhi likiwa bado na unyevu, akalikuta limeota madoa meusi na kunuka uvundo, akaniuliza kuvu hula nini kwenye kitambaa. Nikamjibu kwamba hula sukari, akacheka, kwa kuwa nani amewahi kusikia pamba ina sukari?

Uvundo ule ulinirudisha maabara, mwaka wangu wa mwisho. Nilikabidhiwa kuvu iitwayo Trichoderma reesei, ambayo asili yake ni vitambaa vya pamba vya jeshi la Marekani vilivyokuwa vikioza katika Visiwa vya Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili, nikaiotesha kwenye unga wa mabua ya mahindi ndani ya chupa 6. Tano zilikuwa za kijani safi. Ya sita iliota vidoa vyeusi, ishara kwamba kuvu nyingine, bila shaka jamii ya Aspergillus, ilikuwa imejipenyeza. Ilistahili kutupwa, lakini kwa uvivu nikaichuja pamoja na wenzake, kila moja na maji yake ya vimeng'enya, yaani protini ambazo kuvu huzitoa ili kukata chakula chake vipande vidogo, nikayamimina juu ya mabua yaliyokwisha kuchemshwa kwa asidi hafifu, nikayaacha kwenye nyuzijoto 50 kwa siku tatu, kisha nikatia hamira igeuze sukari iliyopatikana kuwa pombe na gesi.

Usiku ule nilikaa mbele ya mirija 6 iliyozama majini. Katika zile tano, kiputo kilitoka, kikakawia, hata nikadhani mrija umeziba, ndipo kikatoka kingine. Katika ya sita viputo vilifuatana kama vya chungu kilichokaribia kuchemka, na nilipoinusa niliona wazi harufu kali ya pombe.

Nikaandika daftarini: "Chupa ya 6 imechafuka, imetupwa." Msimamizi alisifu usafi wa kazi yangu.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba Trichoderma hukata selulosi, yaani minyororo mirefu ya sukari inayojenga pamba na mabua, vizuri hadi sukari pachapacha, mbilimbili zilizoshikana, lakini ni dhaifu katika kuzitenganisha pacha hizo, ambazo hamira ya kawaida haiwezi kuzila. Kuvu nyeusi ndiyo hodari wa kuzitenganisha, na wapo wanaochanganya vimeng'enya vya hizo mbili kwa makusudi. Huenda ndicho kilichotokea. Chupa moja, tena iliyooshwa usiku uleule, haithibitishi chochote.

Hema tumelisugua. Kipande kimoja chenye madoa nimekikata nikakitia chupani, na mtoto bado sijamweleza ni cha nini.